Stika ya Kioo cha Mbele: Bima ya Gari Ilivyofika Nyamahanga

Gari likizeeka, kioo chake cha mbele hugeuka daftari. Kwenye kona ya chini utaona gundi kavu ya stika zilizobanduliwa: ya leseni ya barabara, iliyofutwa mwaka 2017, ya wiki ya nenda kwa usalama, na ya bima, moja juu ya nyingine, mwaka baada ya mwaka. Kwa mwenye Probox anayetoka Nyamahanga, kwenye ukanda ambako wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, zinakutana, akielekea barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo, stika iliyokuwa na uzito ni hiyo ya bima. Trafiki akinyoosha mkono, macho yake yalianzia hapo. Ndiyo maana madereva wengi waliinunua kama mtu anayelipa ushuru wa kupita: ile ya bei ya chini kabisa, mradi safari iendelee.

Anayekusudiwa na sheria ya bima, hata hivyo, ni yule mama aliyebeba mkungu wa ndizi kando ya lami. Historia yote ya bima ya gari, na swali zima la bei yake, inamzunguka yeye.

Neno lenyewe limetoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Wahindi husema bima, nasi tukalipokea katika biashara ya pwani. Huku bara jambo hilo lilikuwapo bila jina hilo: nyumba ikiungua, ukoo na majirani walichanga miti, nyasi na nguvu kazi. Aliyechanga leo alijua kesho itakuwa zamu yake kuchangiwa. Kilichobadilisha mambo ni mashine inayoweza kumuumiza mtu wa kijiji kingine, kisha ikatokomea na vumbi lake.

Tarehe 10 Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulikata bara hadi Bahari ya Atlantiki. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Siku 2 baadaye, tarehe 3 Mei, kwao Ujerumani ilitungwa sheria ya kumwajibisha mwenye gari kwa madhara ya gari lake. Ulaya ilikuwa imeanza kuelewa kwamba chombo hiki kina deni kwa wapita njia. Bima nayo ilikuwa imeshaanza: soko la Lloyd's la London, lililozoea kukatia bima meli, lilitoa bima yake ya kwanza ya gari mwaka 1904.

Kwa muda ilikuwa hiari, na hiari ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mahakama ingeweza kumpa aliyegongwa haki yake yote, lakini mfuko wa aliyegonga ukawa mtupu. Jimbo la Massachusetts, Marekani, likawalazimisha wenye magari wote kuwa na bima kuanzia 1927. Uingereza ikafuata kwa sheria ya barabara ya 1930. Waingereza wakaibeba fikra hiyo hadi makoloni yao. Kenya ilipata sheria yake mwaka 1945, na Tanganyika ikapata ya kwake, ambayo mpaka leo inaishi katika vitabu vyetu kama Sura ya 169. Msingi wake haujabadilika: hakuna gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule mama wa ndizi.

Baada ya Uhuru swali lilikuwa jingine: pesa za bima zinakwenda wapi? Kampuni nyingi zilikuwa za kigeni, na akiba za Watanganyika zilipanda meli. Mwaka 1963 likaanzishwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na biashara yote ya bima Tanzania Bara ikawekwa mikononi mwa shirika hilo. Kongo, jirani yetu, ilikuwa imeshapita njia hiyo kwa kuunda SONAS mwaka 1966. Zanzibar ikawa na shirika lake mwaka 1969. Kwa karibu miaka 30, mwenye gari wa Biharamulo hakuwa na haja ya kuuliza nani ana bei nafuu. Duka lilikuwa moja, na bei moja.

Mageuzi yalikuja na sheria ya 1996. Kampuni binafsi zikafungua milango, mawakala wakajaa mijini, na kwa mara ya kwanza mtu akaweza kuhama kampuni. Sheria mpya ya 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mchezo wa bei, hata hivyo, haukuachiwa huru. TIRA huweka kima cha chini ambacho kampuni hairuhusiwi kushuka chini yake. Msimamizi alikuwa na sababu: kampuni inayouza kwa bei ya kutupa hupata wateja leo, na siku ya ajali haina cha kulipa.

Kabla hata karatasi hizo hazijaandikwa Dar es Salaam, barabara ya huku ilikuwa na historia yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni, wakikimbia vita nchini kwao, walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na Benako, wilayani Ngara, ikageuka mji wa mahema. Malori ya chakula yakafuata. Miaka iliyofuata mapori ya Biharamulo yakasifika kwa ujambazi, na mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye silaha. Hapo wengi walijifunza maana ya bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, kwa njia ngumu: ililipa madhara ya aliyegongwa, haikulipa gari lililoporwa.

Mwaka 2016 marais wa Tanzania na Rwanda walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha. Dereva wa lori anayevuka pale, au Kabanga kuingia Burundi, hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka, mpango uliotokana na itifaki ya 1986. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini ikabaki katika Kadi ya Njano. Wanasiasa waliachana, malori hayakuweza.

Sasa tuhesabu. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa Sh100,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha Sh118,000. Bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe, huanzia asilimia 3.5 ya thamani yake. Gari la Sh10,000,000 hutozwa Sh350,000, na VAT Sh63,000, jumla Sh413,000. Tofauti ni Sh295,000, na kwa mkulima wa kahawa au muuza mahindi hiyo ni ada ya shule.

Kwa kuwa kima cha chini ni kimoja, unafuu mkubwa hautoki kwa kuzunguka kwa mawakala. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: bei zinafanana, tofauti huonekana siku ya kudai. Kwa hiyo anayetaka unafuu wa kweli aanze na mambo ya karibu. La kwanza ni thamani ya gari. Ukitaja Sh10,000,000 kwa gari ambalo sokoni halizidi Sh7,000,000, utalipia milioni 3 ambazo hutalipwa kamwe. Ukiipunguza kupita kiasi, fidia nayo hupunguzwa. La pili ni kujua sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatia mkono. La tatu, na hapa ndipo wengi wa huku huumia, ni matumizi. Probox iliyokatiwa bima ya binafsi, asubuhi ikapiga mchomoko, ikibeba abiria wanne wa nauli nyuma, imenunua bima ya safari nyingine. Siku ya ajali kampuni ina haki ya kuuliza wale wanne walikuwa nani.

Njia ya mkato ipo, na ndiyo iliyowagharimu watu zaidi: stika ya bandia. Ilikuwa na nembo, namba na rangi sawasawa, ila nyuma yake hapakuwa na kampuni. Ndiyo maana karatasi ya kioo imeachia nafasi mfumo wa kielektroniki wa TIRA. Leo trafiki huingiza namba ya gari kwenye simu akaona kila kitu. Mnunuzi naye anaweza kufanya hivyohivyo, akiwa bado amesimama mbele ya wakala, kabla hajaondoka.

Mjini, mtu wa tatu ni mgeni. Ukimgonga, mtakutana kituo cha polisi na pengine msionane tena. Nyamahanga si hivyo. Anayetembea kando ya barabara jioni ni shemeji, ni mwalimu wa mtoto wako, ni mzee aliyekuuzia kiwanja. Akivunjika mguu, ndugu zake watakaa uani kwako kuzungumzia matibabu, na ng'ombe mmoja atatajwa kabla chai haijapoa. Sheria iliyotoka Massachusetts na London imefika mahali ambako wajibu wake ulikuwapo tangu zamani, ila uliendeshwa kwa mchango. Sh118,000 ni mchango uleule, umelipwa mapema. Anayeulipia kwa ajili ya trafiki huuona mzigo kila mwaka. Siku ndugu wakikaa uani, ndipo atajua kama alinunua bima au alinunua stika.