Kadi ya michoro kwa mashine pepe: draiva ipi itangulie?

Mwezi uliopita nilikuwa Busia kwa mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuhariri video za harusi. Kompyuta yake inatumia Debian, lakini programu ya kuhariri ni ya Windows. Basi akaiweka Windows ndani ya mashine pepe ya KVM, akataka kuikabidhi kadi ya NVIDIA moja kwa moja. Kila akijaribu, kompyuta inaganda. Arbuni alikuwa keshaipokea, na wenye harusi wanapiga simu.

Wazee husema kutangulia si kufika. Kwa draiva, kutangulia ndiko kufika. Linux inapowaka, draiva ya kwanza kuikuta kadi ndiyo inayoishika, na kuinyang'anya baadaye ni vurugu. Kwake, nouveau ndiyo iliyokuwa ikiwahi. Inayotakiwa kuwahi ni vfio-pci, ambayo haichori chochote. Huishika kadi kama amana mpaka mashine pepe iitwae. Shehena ya kwenda Uganda hutiwa lakiri Mombasa kabla lori halijaondoka. Ukingoja mpaka Malaba, umechelewa.

Tulifanya hivi:

1. Kwenye BIOS tuliwasha VT-d, kisha tukaongeza `intel_iommu=on` kwenye mipangilio ya GRUB na kuendesha `update-grub`.

2. Tuliandika `lspci -nn` kupata namba za kadi. Zilikuwa mbili: ya picha na ya sauti ya HDMI. Zote mbili lazima zikabidhiwe pamoja.

3. Tuliunda faili `/etc/modprobe.d/vfio.conf`:

`options vfio-pci ids=10de:1c82,10de:0fb9`
`softdep nouveau pre: vfio-pci`
`softdep snd_hda_intel pre: vfio-pci`

Namba hizo ni za GTX 1050 Ti. Wewe weka zako. Neno `softdep` ndilo linalopanga foleni: kabla ya kupakia nouveau, pakia kwanza vfio-pci. Anayetumia draiva ya NVIDIA yenyewe aandike `nvidia` badala ya `nouveau`.

4. Tuliongeza `vfio-pci` kwenye `/etc/initramfs-tools/modules`, tukaendesha `update-initramfs -u`, kisha tukazima na kuwasha. Wengi husahau hatua hii, na mpangilio mpya hausomwi mapema inavyotakiwa.

Hakikisha kwa `lspci -nnk`. Chini ya kadi, mstari wa `Kernel driver in use` useme vfio-pci, kwa picha na kwa sauti.

Tahadhari tatu. Kompyuta iwe na michoro mingine, kama ile iliyomo ndani ya prosesa, la sivyo utabaki gizani. Kadi mbili za aina moja hubeba namba zilezile, na vfio-pci itazishika zote. Tena, `softdep` haifui dafu kwa draiva iliyojengwa ndani ya kerneli yenyewe, kwa kuwa hiyo haipakiwi kama moduli.

Usiku uleule Windows iliiona kadi. Ijumaa wenye harusi wakachukua video yao.