Nani Atamshika Kijana Mkono?

Leo tutarudi nyuma kidogo. Tutauliza hivi: huduma za Ukimwi zilimfikiaje kijana wa mtaa kama Kaptembwo hapa Nakuru, na ni nani aliyemfungulia mlango?

Kaptembwo mnaijua. Iko upande wa magharibi wa Nakuru, karibu na Rhonda. Ni mtaa wa nyumba za kupanga, ambako mara nyingi familia nzima hulala chumba kimoja. Mama hutoka alfajiri kutafuta kibarua, na kijana aliyemaliza shule bila kazi hubaki mtaani. Tena Nakuru iko kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Uganda, na malori hupita usiku na mchana. Shida, pombe, na mtu mzima mwenye pesa mfukoni: hayo yakikutana, kijana yumo hatarini, na msichana zaidi.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi tulinong'ona tu. Aliyekonda tulisema amerogwa, aliyefariki tulisema ni malaria. Ilipofika tarehe 25 Novemba 1999, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa.

Kabla ya hapo, shirika la kupanga uzazi la FPAK lilikuwa limefungua vituo vya vijana Nairobi, Mombasa na hapa Nakuru. Nia ilikuwa njema. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba wengi waliofika huko walikuwa wavulana, na walifuata michezo kuliko huduma za afya. Msichana aliyekuwa akichota maji na kumlea mdogo wake hakuwa na nafasi ya kwenda kucheza.

Mwaka wa 2001 serikali ilitoa mwongozo wa vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, ambavyo sote tulizoea kuviita VCT. Mtu alitobolewa kidole na kupata majibu siku hiyo hiyo. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo kijana alipaswa kuvuka ule mlango mwenyewe, huku jirani akimwona. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 5.6, na wavulana wa umri huo asilimia 1.4. Yaani wasichana mara nne.

Ndipo waelimishaji rika walipotegemewa zaidi. Hawa ni vijana wanaofundishwa, kisha wanarudi kwa wenzao: kwenye uwanja wa mpira, kwenye saluni, kwenye steji ya matatu. Hapa Bonde la Ufa walipata nguvu kupitia mradi wa APHIA II kuanzia mwaka wa 2006, na baadaye APHIAplus Nuru ya Bonde kuanzia 2011, yote kwa msaada wa Marekani. Mwelimishaji rika hakuhubiri. Alisema lugha ya wenzake, alijibu swali ambalo mtoto hathubutu kumwuliza mamaye, na mara nyingi alimsindikiza mpaka mlangoni mwa kliniki.

Lakini jioni kila kijana hurudi nyumbani. Na hapa, akina mama, tujiulize. Kijana anayeficha dawa chini ya godoro ataimezaje kila siku katika chumba kimoja, ikiwa anaogopa macho yetu? Siku mgeni amelala hapo hataimeza. Dawa ikirukwa-rukwa, virusi hupata nguvu.

Wenzetu wa Nyeri walitufundisha jambo. Mwaka wa 1997 FPAK ilianza mradi huko, na wakaazi wakasema wanataka watu wazima wanaoheshimika ndio wazungumze na vijana. Wakachaguliwa wazazi wenye umri mdogo, wasio wepesi wa kuhukumu, wakaitwa marafiki wa vijana. Walizungumza nao na kuwaelekeza kwenye matibabu. Tathmini iliyotolewa mwaka wa 2004 ilionyesha kwamba wasichana wa huko walichelewa zaidi kuanza kufanya mapenzi. Wazazi walizungumza, na watoto hawakupotoka kwa kuambiwa.

Nayasema haya leo kwa sababu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Hapa Kenya waelimishaji rika wengi walipoteza kazi, na vituo kadhaa vya kuwahudumia walio hatarini vikafungwa. Yule kijana aliyekuwa akibisha mlango huenda asibishe tena. Hospitali za serikali bado zinapima na kutoa dawa. Anayekosekana ni wa kumshika mtoto mkono mpaka pale.

Basi mama, anza wewe. Mwambie mapema, kabla ya shida kuja, kwamba hutamfukuza. Jua kwamba sheria ya mwaka wa 2006 inataka idhini ya mzazi mtoto apimwe, lakini aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi au aliye hatarini anaweza kuidhinisha mwenyewe. Usimgombeze kwa kwenda bila wewe. Akibakwa, asioge wala kufua nguo. Mfikishe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa ya kuzuia maambukizi. Asiye na virusi lakini yumo hatarini aulize kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga iliyoanza kutolewa na serikali mwaka wa 2017. Na akiwa na virusi, mwekee dawa pahali pa wazi, karibu na chai yake. Anayemeza dawa bila kukatiza mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake, na anaweza kuishi mpaka awalee wajukuu wako.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, kabla taa haijazimwa, muulize habari za siku yake, kisha nyamaza umsikilize. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.