Pombe na usukani Marekani: kila jimbo na sheria yake

Familia nyingi za Uvira, Fizi, Bukavu na Goma ziko na ndugu Marekani, na wengi wao wanaendesha gari juu kazi iko mbali na nyumba. Sheria ya barabara kule haiko moja. Kila jimbo linatunga yake.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni 0,08, maana yake gramu 0,8 ya pombe ndani ya litre moja ya damu. Serikali ya Washington haikuamuru majimbo, ilitumia franga: sheria aliyoitia sahihi Rais Bill Clinton mwezi wa kumi 2000 ilisema jimbo likikataa 0,08 litakatwa sehemu ya pesa za barabara. Kufika 2004 yote yalikuwa yamekubali. Utah ikaenda mbele: tangu tarehe 30 mwezi wa 12, 2018, kipimo chake ni 0,05. Basi Mkongomani wa Boise, jimbo la Idaho, akienda kutembelea ndugu Salt Lake City, chupa ambazo kwao hazina kesi zinaweza kumfunga. Kwa dereva wa lori kubwa ni 0,04 kila mahali, na kijana asiyefikisha miaka 21 karibu haruhusiwi kitu.

Wageni wengi wanaanguka kwenye kupimwa. Ukiendesha barabarani, sheria inakuhesabu kwamba umeshakubali kupimwa. New York ilianza hivyo 1953. Ukikamatwa na kukataa kupuliza, karibu majimbo yote yanakunyang'anya permi, hata kama tribinali haijakuhukumu. Kulala nako si kimbilio: katika majimbo mengi, mlevi akikutwa kwenye kiti cha dereva na ufunguo mkononi anaweza kushitakiwa, gari likiwa limesimama. Bangi na dawa za daktari zinazoleta usingizi zimo vilevile.

Kwa asiye raia, faini ndiyo sehemu ndogo. Mwezi wa kumi 2019 mwanasheria mkuu wa Marekani aliamua kwamba mwenye hukumu mbili ama zaidi za kosa hili, katika miaka inayochunguzwa, anahesabiwa hana mwenendo mwema mpaka alete ushahidi wa kupinga. Mwenendo mwema ni sharti la kupewa uraia. Kwa hiyo aliyekamatwa, kabla ya kusema mbele ya juji "nakubali kosa" ili mambo yaishe haraka, atafute kwanza avoka anayejua pia sheria za wahamiaji.