Matobolwa: Akiba ya Siku za Kazi Kando ya Ziwa Victoria

Mtu atokaye katikati ya mji wa Mwanza kwa barabara iendayo Musoma hupita Nyakato, mahali pa viwanda na maghala, ambako nyumba za wafanyakazi zimejengwa baina ya majabali. Katika maduka ya pande hizo huuzwa majokofu ya kugandishia chakula, ambayo watu huyaita friza. Na katika masoko ya karibu huuzwa, kwa kopo na kwa bakuli, vipande vikavu vya viazi vitamu. Yule anunuaye friza husema anataka kupika mara moja na kula siku nyingi, kwa kuwa kazi za mjini hazimpi nafasi. Hudhaniwa kwamba haja hiyo ni mpya, na kwamba imeletwa na kiwanda, saa ya ukutani na mshahara wa mwezi. Walakini vile vipande vikavu vilitengenezwa kwa haja hiyohiyo, tena zamani kabla umeme haujafika kando ya ziwa.

Vipande hivyo ni vya namna mbili, na yafaa vitofautishwe vizuri, maana wengi waandikao habari za chakula huvichanganya. Namna ya kwanza ni michembe. Viazi vikisha kuchimbwa huachwa vinyauke kwa muda, ndipo humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi. Michembe ni chakula ambacho hakijapikwa bado. Atakaye kuila hana budi kuichemsha, na aghalabu huichanganya na karanga au maharage, au huila kwa maziwa ya mgando. Namna ya pili ni matobolwa. Hapa viazi huchemshwa kwanza mpaka vikaiva, kisha hukatwa na kuanikwa. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kwa maana ni kubwa sana. Michembe ni akiba ya chakula. Matobolwa ni akiba ya mapishi. Maji yalikwisha kuchotwa, kuni zilikwisha kuwaka, na moshi ulikwisha kumwingia mpishi machoni, yote hayo mwezi wa Julai; naye alaye mwezi wa Desemba hutia mkono chomboni, akatafuna akiwa njiani kwenda shambani. Mchunga ng'ombe aliyachukua mfukoni, na mtoto wa shule vilevile.

Kiazi kitamu si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, nacho kilikuwa kimekwisha kuenea bara kabla ya Mwingereza John Hanning Speke hajafika kando ya ziwa mwaka 1858. Lakini si kila mahali kilipofika watu walikianika. Kule Buganda, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mtu huchimba viazi kidogo kidogo kadiri ya haja ya siku, na shamba lenyewe ndilo ghala. Usukuma haiwezi kufanya hivyo. Kuanzia mwezi wa Juni hivi mvua hukatika kwa miezi mitatu au minne, ardhi hukauka na kupasuka, na katika zile nyufa hupenya fukuzi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, ambaye mabuu yake hukitoboa kiazi na kukifanya kichungu hata kisilike. Kiazi kilichoachwa ardhini wakati wa kiangazi ni mali ya fukuzi. Basi jua lilelile liletalo mdudu ndilo lililofanywa kuwa dawa yake: viazi huchimbwa vyote na kuanikwa. Wateso wa Uganda, ambao nao wana kiangazi kikali, walifikia shauri lilo hilo, na vipande vyao huviita amukeke. Hapana haja ya kutafuta nani alimfundisha nani. Hali ya nchi yatosha kuwa mwalimu.

Tena nchi ya Mwanza ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Yale majabali mapana, ambayo leo yanaupa mji sifa yake ya Mji wa Miamba, yalikuwa uwanja wa kuanikia uliotayarishwa na Mungu mwenyewe. Jiwe hushika joto la mchana, halina vumbi kama uwanja wa nyumbani, na maji hayatuami juu yake. Vipande vilivyokauka barabara vilihifadhiwa katika vyungu vikubwa au katika kihenge, yaani ghala la fito lililokandikwa na kuinuliwa juu ya mawe. Vikihifadhiwa vizuri, viliweza kukaa miezi mitano na kuendelea. Si kwamba havikuwa na hasara: unyevu ukiingia vilifanya ukungu, wadudu wa ghalani walivitafuna, na jua lilipunguza baadhi ya vitamini zake. Lakini vilifika mpaka mvua za kwanza, na ndilo jambo lililotakiwa.

Kwa nini mpaka mvua za kwanza? Hapa ndipo kilipo kiini cha habari hii. Maofisa wa serikali ya Kiingereza, walipoviona vihenge vya michembe, waliandika neno moja, njaa. Kwao kila chakula kilichokaushwa kilikuwa kinga ya mwaka mbaya, na kwa fikira hiyo waliweka sheria za kuwalazimisha watu kulima muhogo na viazi. Hapana shaka njaa ilikuwapo, na viazi vikavu viliwaokoa wengi. Lakini kihenge hakikungoja mwaka mbaya. Kilifunguliwa hata katika mwaka mwema, mvua zilipoanza mnamo Oktoba na Novemba, wakati ambapo kazi zote hudondoka kwa pamoja: kuinua matuta, kupanda, kisha kupalilia mpaka Februari au Machi. Katika miezi hiyo mwanamke wa Kisukuma alikuwa shambani tangu alfajiri. Kuni zilikuwa zimelowa. Nafaka ya kusaga kwa jiwe ilidai saa ambazo hakuwa nazo. Na siku ambayo vikundi vya vijana vilikuja kulima kwa ngoma na mashindano, kama ilivyokuwa desturi ya vyama vya Bagika na Bagalu tangu karne ya 19, mwenye shamba alipaswa kuwapa chakula watu wengi kwa mara moja. Aliyekuwa na akiba iliyokwisha pikwa aliweza kushika jembe. Asiyekuwa nayo alibaki mekoni huku mvua ikipita. Kwa hiyo kilichowekwa katika kihenge ni nafasi ya mwezi wa Julai, iliyohamishwa ikapelekwa Desemba.

Hesabu hii ilitegemea sharti moja, nalo ni kwamba Julai iwe na nafasi ya kuhamishwa. Sharti hilo lilivunjwa na pamba. Wajerumani ndio walioanzisha kilimo cha pamba ya biashara katika nchi hizi, nao Waingereza wakakipanua. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikakua kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana na kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na kabla ya miaka mingi shirikisho hilo likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Habari hizo zimeandikwa mara nyingi, na zastahili, maana wakulima walijitoa mikononi mwa wanunuzi waliowapunja. Lakini wanaoziandika hutazama mizani na ginari, hawatazami jabali la kuanikia. Pamba huchumwa kuanzia Juni na kuendelea hata Agosti. Kisha hupaswa kuchambuliwa, safi mbali na fifi, na baadaye mabua yake hung'olewa na kuchomwa moto kwa amri ya sheria, ili wadudu wasivuke mwaka. Kazi zote hizo ziliangukia katika miezi ileile ya kumenya na kuanika viazi, na mikono iliyotakiwa ilikuwa ileile. Fedha za pamba aghalabu zilipokewa na mume. Saa zilizopotea zilikuwa za mke.

Wengine walijibu kwa kupanda muhogo zaidi, kwa kuwa muhogo huvumilia kungoja ardhini, nao wakautengeneza udaga. Wengine walinunua unga. Wengine walishika njia ya michembe na kuiacha ya matobolwa, kwa sababu michembe haina kazi ya kuchemsha mwanzoni. Mabadiliko haya ya mwisho yaonekana madogo, lakini maana yake ni kwamba kazi ya kupika ilirudishwa katika siku za shughuli, huko ilikokuwa imeondolewa kwa akili nyingi. Hata operesheni ya kuhamia vijijini ya mwaka 1974 iliongeza uzito uleule. Familia zilizokuwa zimekaa mbalimbali, kila moja karibu na shamba lake, zilikusanywa mahali pamoja. Wengi wakawa na safari ndefu ya kwenda kulima, na mtu asafiriye kwenda shambani hahitaji sufuria, ahitaji cha kutafuna.

Wakati huo nchi nyingine zilikuwa zimeshika njia ya baridi badala ya jua. Mmarekani Clarence Birdseye alipokuwa Labrador, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliwaona wenyeji Wainuit wakivua samaki ambao waliganda mara moja kwa ukali wa baridi, na ambao baada ya miezi walikuwa bado na ladha yao. Aligundua kwamba siri ni kugandisha kwa haraka. Mwaka 1930 vyakula vyake vya kugandishwa vikaanza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na katika miaka ya 1950 Wamarekani wakazoea kununua mlo mzima uliokwisha pikwa, umepangwa katika sahani ya bati, wa kutiwa motoni tu. Yafaa ikumbukwe kwamba Birdseye naye aliichukua hekima yake kwa watu waliotumia hali ya nchi yao, kama vile Wasukuma walivyotumia jua na jiwe. Tofauti ni kwamba hekima ya Wainuit ilipata mashine na mtaji.

Mashine hizo zilipofika Mwanza kwa wingi, hazikuja kwa ajili ya jikoni za Mwanza. Sangara alitiwa katika ziwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwala furu wengi na kulitawala ziwa. Katika miaka ya 1990 vikajengwa viwanda vya kumchuna na kumgandisha. Minofu ilipelekwa Ulaya, ikapata kuwa chakula chepesi cha watu wenye shughuli nyingi huko. Mifupa na vichwa, vilivyoitwa mapanki, vikakaangwa na kuuzwa kwa wakazi wa Mwanza. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, ilidhihirika kwamba vyumba vile vikubwa vya barafu vilikuwa na bwana mmoja tu. Hivi leo maabara ya serikali ya kupima ubora wa samaki ipo Mwanza, na kazi yake huonyesha jinsi masharti ya mlaji wa mbali yalivyo na nguvu. Dagaa, waliokauka juu ya mchanga bila ya gharama ya umeme, waliendelea kulisha nchi ya ndani na hata Kongo.

Friza ya nyumbani ilikuja nyuma ya zote. Mwenye nayo huchemsha maharage Jumapili, huyagawa katika vyombo vya siku tano, na akirudi jioni kutoka kazini huyaunga kwa nafasi. Hutia humo nyama, sambusa mbichi na chapati. Ni faida ya kweli, na kumcheka mtu huyo kwa kuwa ameacha vya asili ni upuuzi; bibi yake angeipokea friza kwa mikono miwili, maana yeye ndiye aliyejua zaidi uzito wa kuni mbichi. Lakini akiba imebadilika kimo. Kihenge kilivusha msimu. Friza huvusha juma. Kihenge kikisha kujazwa hakikudai kitu tena ila kuezekwa. Friza hudai kila siku, kwa fedha za LUKU, na katika mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na tena wa 2011, walio nayo walilazimika kupika kwa siku moja chakula walichokiweka kwa siku nyingi, wakala na majirani.

Wengi wa Nyakato huishi kwa akiba mbili. Gunia la michembe au mfuko wa matobolwa hutoka kijijini kwa basi, na mtu huenda kuupokea kituoni. Matobolwa hayo huliwa asubuhi pamoja na chai, kwa sababu hayadai hata kuwasha jiko, na ndivyo mfanyakazi wa zamu ya alfajiri anavyotoka nyumbani amekula. Kwa upande wake kazi imekuwa nyepesi. Kumenya, kuchemsha, kukata na kuanika bado hufanywa Magu au Kwimba, mwezi wa Julai, na mama yule yule ambaye pamba yake nayo inangoja kuchumwa.