Ujirani na Utulivu wa Wazee Wahamiaji wa Ngara

Tunapozungumzia utamaduni, mara nyingi fikra zetu hukimbilia ngoma, sanaa za mikono na hadithi za kale. Ujirani husahauliwa. Hata hivyo, katika nchi ya Wahangaza na Washubi, wilayani Ngara, ujirani umekuwa tegemeo la akili ya mzee aliyeacha kwao.

Yafaa ikumbukwe kuwa Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya kuwekwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kihangaza na Kirundi husikilizana. Kwa sababu hiyo, mgeni aliyevuka Ruvubu na kufika vijiji kama vile Mbuba hakuwa bubu. Aliamkiwa kwa maneno aliyoyajua. Kwa kijana jambo hili ni wepesi tu wa maisha. Kwa mzee, ambaye umri wa kujifunza lugha umempita, ni jambo kubwa zaidi, kwani asiyeweza kusimulia huzuni yake hukaa nayo peke yake.

Wakimbizi wa Kinyarwanda waliofika miaka ya mwanzo ya 1960 walipewa ardhi Muyenzi, katika wilaya hiyohiyo. Walilima, wakaoza watoto, wakazika. Mwaka 1980 Serikali iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Hati hiyo ilikuwa na thamani kubwa, lakini mzee hakai barazani na hati jioni. Hukaa na watu: penye pombe ya ndizi, penye matanga, penye posa na penye ugomvi wa mpaka wa shamba, ambako huulizwa maoni yake. Aliyepoteza nchi hupata hapo neno lenye uzito.

Lakini tusidhani kwamba kila ujirani ni dawa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaweka kambi Benaco. Walipangwa kwa kufuata tarafa walizotoka. Wazee walipata majirani wao wa zamani, ni kweli. Walipata pia baadhi ya viongozi walewale walioendesha mauaji. Kuishi karibu na mtu unayemwogopa ni upweke wa namna nyingine. Desemba 1996 walirejeshwa Rwanda.

Mwaka 2013 ilifuata Operesheni Kimbunga, iliyolenga wahamiaji haramu na ujambazi mkoani Kagera na mikoa jirani. Miongoni mwa walioondoka mwaka huo walikuwamo watu waliokaa nchini miongo mingi, wengine wakiwa wameoana na Watanzania. Kijana huweza kuanza upya. Mzee aliyevushwa Rusumo aliwaacha nyuma wale aliotarajia wamzike, na upande huu jirani aliyezoea kumwita babu alibaki akiitazama migomba isiyo na mwenyewe.