Noon: saa sita iliyoanza ikiwa saa tisa

Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza noon, huandika saa sita mchana na kuendelea na kazi. Hajakosea. Ila neno hilo lilipozaliwa lilikuwa saa tisa.

Chimbuko lake ni Kilatini, nona hora, saa ya tisa. Warumi waliugawa mchana mafungu 12 na kuyahesabu tangu macheo, kama tufanyavyo sisi. Saa zao zilirefuka kiangazi na kufupika majira ya baridi. Huku karibu na ikweta, ambako mchana haupungui wala kuzidi sana, hesabu hiyo imekaa kana kwamba ilitungwa kwa ajili yetu. Ndiyo maana Injili zinaposimulia giza lililotanda Yesu aliposulubiwa, msomaji wa Kiswahili hukuta saa sita na saa tisa na kuelewa papo hapo.

Watawa wa Ulaya walisali sala ya saa tisa, na siku za kufunga hawakula kabla yake. Kufikia karne ya 14 neno lilikwishahamia katikati ya mchana. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sala na mlo viliwahishwa, jina likafuata. Nayaamini: mwenye njaa hana subira na saa. Siesta ya Wahispania, inayotokana na sexta, saa ya sita, haikuhama.

Kwa Kiswahili tuna zaidi ya neno moja, na hayalingani. Saa sita mchana ni ya saa ya ukutani. Adhuhuri, tuliyoipata kwa Waarabu, inafaa katika hadithi na mazungumzo, lakini kwa Mwislamu wakati wa sala ya adhuhuri huingia jua likishapinduka, si likiwa kileleni. Katika elimu ya anga, basi, ningechagua jua la utosini au, kwa urasmi zaidi, kilele cha jua.

Si ubishi wa maneno matupu. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45 Mashariki, na Tanzania nzima iko magharibi yake. Dar es Salaam jua hufika kileleni, kwa wastani, saa sita na dakika 23; Kigoma ni saa saba na dakika moja au mbili. Kitabu kinachomwagiza mwanafunzi wa Kigoma apime kivuli kifupi kuliko vyote saa sita kamili kinampotosha kwa saa nzima.