Shamba la Broadbalk na watoto waliokwenda masomoni

Kila mwaka kipindi cha memwari kikifika, kuko mwanafunzi wa agronomia anayekuja na jedwali lenye safu 12 za mvua, moja kwa kila mwezi, pamoja na mavuno ya miaka 15. Anaviingiza vyote kwenye programu ya regresioni, na mashine inamrudishia jibu tamu: mstari unapita karibu na kila nukta. Anafurahi, anaandika utabiri wa mavuno ya mwaka ujao, anakwenda kutetea kazi yake. Mashine haiwezi kumwambia kwamba kwa namba 12 za kupanga apendavyo juu ya miaka 15 tu, hata bei ya chumvi sokoni ingeweza "kueleza" mavuno yake. Mashine haina haya.

Tatizo hili siyo letu peke yetu, wala siyo la juzi. Kuko mtu alikutana nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita akiwa na mavuno ya miaka 67 mkononi, na bado akaona ni kidogo. Jina lake Ronald Fisher. Wengi tunamjua kupitia jaribio la F na mtawanyo wa majaribio shambani. Kazi yake ya kwanza juu ya mfululizo wa miaka tunaisoma mara chache, na mimi naona ndiyo ingetusaidia zaidi.

Tuanze na shamba lenyewe. Mwaka 1843, kule Rothamsted karibu na mji wa Harpenden, Uingereza, tajiri mmoja wa mbolea, John Lawes, pamoja na mkemia Joseph Gilbert, walipanda ngano kwenye shamba linaloitwa Broadbalk. Walilikata vipande virefu. Kimoja kilipewa samadi, kimoja hakikupewa kitu, vingine vikapewa chumvi za amonia, fosfati au potasi kwa michanganyiko mbalimbali. Mwaka uliofuata, ngano tena pale pale. Na mwaka mwingine tena. Gilbert aliishi na hilo shamba mpaka uzeeni. Lawes alikufa 1900, yeye akamfuata 1901. Hadi leo ngano inapandwa pale.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mkurugenzi wa kituo, John Russell, alikuwa na madaftari yamejaa namba ambazo hakuna aliyejua kuzikamua. Mwaka 1919 akamleta Fisher, kijana wa miaka 29 mwenye macho mabovu sana, aliyesoma hisabati Cambridge na kufundisha shule za sekondari wakati wa vita. Kule London, Karl Pearson, mkubwa wa statistiki wa wakati ule, alikuwa amempa nafasi pia. Fisher alichagua madaftari ya ngano.

Makala yake ya 1921 ilichukua vipande 13 vya Broadbalk, kuanzia mavuno ya 1852 hadi 1918. Swali lake halikuwa "mwaka kesho tutavuna ngapi". Aliuliza kwanza: hii namba inayopanda na kushuka, ndani yake mna vitu vingapi? Akaona mna vitatu. Kuko kuruka kwa mwaka hadi mwaka, ambako ni hali ya hewa. Kuko kushuka kwa polepole kusikorudi nyuma, ambako ni bulongo kuchoka. Na kuko kitu cha tatu, mawimbi marefu yanayochukua miaka mingi kupanda na kushuka, ambayo siyo mvua ya mwaka mmoja wala siyo udongo kuisha. Alivitenga kwa kupitisha mkunjo laini, yaani polinomi, katikati ya nukta za kila kipande, halafu akapima ni sehemu gani ya variansi inatoka kwa kila chanzo.

Bulongo kuchoka kulionekana wazi kwenye vipande vilivyokosa chakula fulani. Kile cha samadi karibu hakikushuka. Bibi zetu wanaomwaga mavi ya mbuzi kwenye migomba hawatashangaa.

Lakini mawimbi marefu yalikuwa fumbo. Yalifanana kwenye vipande ambavyo mbolea yao haifanani hata kidogo. Kama sababu ingekuwa ndani ya mbolea, kila kipande kingecheza ngoma yake. Basi sababu ilikuwa inapita juu ya shamba zima. Fisher aliona majira ya hewa hayatoshi kueleza jambo hilo, akaishia kwenye magugu. Shamba linalopandwa ngano kila mwaka bila kupumzika ni raha kwa majani mabaya, na wakati ule hakukuwa dawa ya kuyaua. Yaling'olewa kwa mkono. Kwa mkono wa nani? Wa watoto, kwa sehemu kubwa, waliolipwa vijisenti.

Sasa angalieni tarehe. Mwaka 1876 Uingereza ilitoa sheria inayowabebesha wazazi jukumu la kusomesha watoto. Mwaka 1880 sheria nyingine ikafanya kwenda masomoni kuwa lazima hadi umri wa miaka 10. Mikono midogo ikaondoka shambani, magugu yakapata nafasi, na mavuno ya vipande vyenye mbolea tofauti kabisa yakainama pamoja. Fisher aliandika hizo sheria za elimu ndani ya makala ya hesabu za ngano. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilirudi nyuma kuisoma tena, sababu sikutegemea kukuta watoto wa masomo katikati ya polinomi.

Ebu tusimame hapo kidogo. Regresioni haikumwambia kuhusu watoto. Ilimwonyesha umbo la wimbi, na kwamba wimbi ni la wote. Jina la sababu lilitoka kwenye historia ya kijiji: nani alifanya kazi gani, na tangu lini aliacha. Hakuna safu ya daftari iliyoandikwa "watoto". Na shamba lenyewe lilikuja kumpa haki kwa njia fulani, kwa sababu kuanzia 1926 wakubwa wa Rothamsted walianza kulipumzisha Broadbalk sehemu kwa sehemu, juu ya magugu hayo hayo.

Mwaka 1924 ndipo aliporudi kwenye mvua, na hapa mwanafunzi wetu mwenye safu 12 afungue masikio. Rothamsted ilikuwa inapima mvua tangu 1853. Fisher aliukata mwaka katika vipindi 61 vya siku 6. Angeweza kuuliza kila kipindi kilifanya nini kwa ngano, lakini hayo ni maswali 61 kwa mavuno ya miaka isiyofika 70. Kwa hesabu ya namna hiyo kila kitu kinaeleza kila kitu. Yeye akafikiri kama mkulima: mvua ya wiki hii haiwezi kuwa baraka na ya wiki ijayo kuwa sumu, athari inabadilika taratibu kadiri mmea unavyokua. Kwa hiyo athari ya mvua kwa mwaka mzima ni mkunjo mmoja laini. Polinomi ya daraja la 5 inatosha kuuchora, na hiyo ina namba 6 tu. Maswali 61 yakawa 6. Ujuzi wa agronomia ndio uliopunguza hesabu. Mashine yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, kila kuzidisha ni jasho, na nadhani hilo nalo lilisaidia: ukilipa kwa jasho, unafikiri kabla.

Jibu likatoka kwamba kwa vipande vingi mvua iliyozidi wastani ilipunguza mavuno kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwetu, ambako mkulima anaangalia mawingu mwezi wa tisa kwa kuomba, inasikika ajabu. Kule maji ya baridi yanapita ndani ya udongo na kuiba nitrati kabla ngano haijaamka, na mifereji iliyozikwa chini ya Broadbalk ilikuwa imeonyesha nitrati ikitoka.

Katika makala hiyo hiyo aligusa ugonjwa mwingine. Kabla yake watu kama Napier Shaw na R. H. Hooker walikuwa wametafuta majira gani ya mwaka yanafuatana vizuri na mavuno ya Uingereza. Walikuwa watu makini. Lakini Fisher alieleza kwamba ukijaribu vipindi vingi na kubakiza kile chenye uhusiano mkubwa kuliko vyote, huwezi tena kukipima kana kwamba ulikitaja kabla ya kuangalia. Mshindi wa bahati nasibu hana ufundi wa kuchagua tiketi. Leo programu zinajaribu michanganyiko elfu kwa sekunde na kutupa mshindi mmoja, bila kututajia walioshindwa.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Aliamini mambo ya kuboresha uzao wa binadamu ambayo sisi tuna sababu zote za kuyakataa. Na uzeeni, akiwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa tumbaku, alibishana na ushahidi wa sigara na kansa ya mapafu. Mtu aliyeona watoto nyuma ya ngano hakutaka kuona moshi mbele ya pua yake.

Turudi kwetu mashariki. Chukua mavuno ya ndizi ya Masisi. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba ulitambuliwa pale, mara ya kwanza katika Kongo. Ongeza watu waliokimbia mashamba, wakarudi, wakakimbia tena. Ukimpa mwanafunzi mfululizo huo pamoja na mvua peke yake, regresioni itafanya kazi yake kwa uaminifu: itaibebesha mvua makosa ya bakteria na ya bunduki. Kisha mtu wa mradi atasoma memwari hiyo na kuleta mbegu inayovumilia ukame, mahali ambako mvua haijakosa. Mbegu hiyo inalipiwa, na mama anayeipanda anapoteza msimu.

Ndiyo maana, kwa wale mnaoanza kukusanya data msimu huu, nawaomba safu moja ya ziada, ya maneno, karibu na zile za namba. Nani alipalilia, mara ngapi, nani hakuwepo, ugonjwa gani ulionekana, barabara ilifungwa mwezi gani. Haiingii kwenye programu. Mama mwenye shamba atakujibu kwa dakika 5, na baada ya miaka 3 hata yeye atakuwa amesahau. Mwenye mfululizo wa zaidi ya miaka 20 kutoka kituo chochote, hata kama una mashimo, aniandikie. Tutauchora kwanza kwa mkono.